Macho Mapana Mbele ya Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Julai. Masumbwe.

Saba Saba. Nchi nzima imepumzika, naona ni kwa heshima yangu. Nina bahati mpaka naona aibu. Wenzangu wanachimba miaka na miaka, wanatoka na vumbi. Mimi nimeshuka duara moja tu, shimo la kwanza kabisa, dhahabu hiyo! Sasa nina ng'ombe wanane. Wanane! Jumamosi Mzee Pantaleo anakuja kutoka Samuye kuwakagua. Akiridhika, namuoa binti yake, Melania. Nimeazima na wanne kwa jirani yangu Samwel, wa kupendezesha zizi tu.

Tatizo moja dogo. Mzee akinitazama, ulimi unaganda na moyo unapiga kama karasha la kusagia mawe. Dada yangu Scolastika, muuguzi, anasema ukiogopa macho yanabana, unaona kinachokutisha tu. Basi tazama mbele, kichwa usigeuze, yaachie macho yaone na pembeni, kulia na kushoto kwa pamoja. Pumzi itoke polepole. Mwili wenyewe utatulia. Na ukitaka kushika jambo, fanya kinyume: kaza macho mahali pamoja. Nikamwambia hayo nilishayajua zamani. Akacheka sana.

Jumanne, 8 Julai.

Nimejaribu macho mapana kwenye drafti, dhidi ya Innocent, ambaye naye anamtaka Melania, maskini. Maajabu! Moyo shwari. Niliona kila kitu: mbuzi wa Mama Nelly, chapati za Mama Nelly, mbuzi akila chapati za Mama Nelly. Sikuona tu Innocent akinila kete nne. Akanitangaza kijiwe kizima kuwa bwege. Sikukasirika hata kidogo. Dawa kali hii! Nikamnunulia chai.

Alhamisi, 10 Julai.

Mfugaji wa kweli anamjua kila ng'ombe wake, kwa rangi na kwa mama yake. Hivyo leo nimekaa zizini kuwakariri. Nimekaza macho kama alivyosema dada, asubuhi mpaka jua kali. Sasa yule wa kichwa cheupe namjua kuliko ninavyojijua. Wengine kumi na mmoja sijawafikia.

Jumamosi, 12 Julai.

Mzee kafika jioni, fimbo mkononi. Nikampa shikamoo, akajibu marahaba, ng'wanawane, yaani mwanangu, akaomba nifungue zizi awaone wakitembea. Akanikazia macho. Nikatazama mbele, nikayaachia macho. Utulivu! Nikaongea kama mbunge: malisho, maziwa, chanjo. Pembeni kabisa, kushoto, nikaona ng'ombe wanne wanashika njia ya kwa Samwel. Saa yao ya kurudi nyumbani. Sikugeuka. Nikatoa pumzi polepole. Wale wanane wakawafuata kwa adabu, kichwa cheupe akiwaongoza. Nikaendelea na chanjo.

Mzee akauliza, mkwe, ng'ombe wanakwenda wapi? Nikasema wanakwenda kunywa maji. Akasema lambo liko upande ule mwingine. Nikatabasamu. Akaegemea fimbo yake, akasema:

"Wangekuwa wako, ng'wanawane, ungekimbia."

Akala wali na kuku wangu wa mwisho, akashukuru, akaondoka. Na paja nikamwekea Innocent, aliyekuja kuchungulia. Mtu asishindwe na njaa juu ya kushindwa na mimi.

Jumapili, 13 Julai.

Melania kapiga simu. Analia au anacheka, sikuelewa, nadhani vyote. Anasema baba yake hajakataa. Eti nije Samuye na nilicho nacho, hata kama ni ndama mmoja, mradi niseme kweli. Halafu akaniuliza taratibu: Luka, una wangapi hasa?

Nikatazama mbele. Nikayaachia macho. Moyo shwari.

Nikasema kumi na sita.

Akakata simu. Mtandao wa huku mbovu sana.

Kosa nimeshaligundua. Jirani! Safari hii naazima Chato. Ng'ombe wa Chato ataijulia wapi njia ya kwao kutoka hapa?

Na wale wanane wa bahati? Wa Samwel. Wote kumi na wawili ni wa Samwel. Duara halijanipa hata punje.