Pacha Wangu wa Manispaa

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa ofisini. Manispaa imepata akili bandia ya kutengeneza mtu wa kwenye video. Unachukua sura ya mtu, unaandika tangazo, naye anafumbua mdomo na kulisoma: maji, takataka, chanjo, mikutano ya mitaa. Wakazi watamwona kwenye simu zao. Hakuna tena kuja kusoma karatasi kwenye ubao wetu, ambazo aghalabu mvua huzisoma kabla yao.

Mkurugenzi akasema tunataka sura moja, ya kuaminika. Macho yake yakaja kwangu. Yakanipita. Yakatua kwa Bwana Tai wa idara ya biashara, ambaye jina lake halisi lilishazama chini ya tai zake za shingoni. Sauti anayo, sikatai. Lakini afisa habari msaidizi ni nani? Matangazo anaandika nani? Yaani mimi nipike, yeye apakue.

Haiwezekani. Nimepata wazo.

Jumanne, 5 Machi

Nimefaulu. Bado sielewi vizuri nimefaulu nini, lakini nimefaulu.

Jana wakati wa kutoka nilimdokeza Bwana Tai, kirafiki kabisa, kwamba mtaalamu wa video anapenda watu waje wamevaa kijani. Rangi ya matumaini, nikamwambia, nikitegemea tu aonekane kama mchicha. Leo kaja kijani tupu: suti, shati, tai. Mtaalamu, dada mmoja wa haraka haraka, akamsimamisha mbele ya kitambaa cha kijani. Kumbe kompyuta inafuta chochote cha kijani! Kwenye kioo kikabaki kichwa cha Bwana Tai, kinaelea peke yake, kinawakaribisha wakazi. Katibu muhtasi alitoka nje akajishikiza ukutani kwa kicheko.

Bwana Tai akatoka mbio kwenda kubadili nguo. Mtaalamu akasema hawezi kungoja, ana safari. Kwa bahati nilikuwa mlangoni. Kwa bahati nilikuwa na koti la shemeji na nywele zimechanwa. Akanirekodi nikisoma sentensi kadhaa, akasema inatosha, akaondoka.

Baadaye kikao cha salamu. Pacha, ndivyo tunavyomwita sasa, aanzeje? Bwana Tai, aliyerudi amenuna na suti ya kijivu, akasema Pacha kazaliwa leo, kwa hiyo ni mdogo kuliko wakazi wote, ampe kila mtu shikamoo. Mkurugenzi akauliza, na mtoto wa darasa la pili akitazama je? Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilipinga kwa sababu zangu: sura ni yangu, na Bwana Tai naye ni mkazi. Simwamkii. Mwisho tukakubaliana na “Habari zenu, wakazi”. Haimuudhi mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Imemuudhi mtu. Mama mkwe. Kafungua simu, kamwona mkwewe amevaa koti, anamtazama usoni na kumwambia habari zenu. Hakuna shikamoo. Akampigia mke wangu kuuliza kosa lake ni lipi. Nikaenda kumwomba radhi. Akanipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akasema na mimi hana tatizo, anamsubiri yule wa kwenye simu.

Pacha ametoka jana na mji mzima umemwona. Kinyozi kanisimamisha kuuliza kwa nini nilisema gari la taka litapita Jumatano wakati halikupita. Sikusema. Alisema yeye. Kinyozi akanitazama kama mgonjwa. Fundi viatu akanipongeza kwa kueleza vizuri habari za leseni. Hilo nilisema mimi.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anamtazama tena Pacha kwenye tangazo la mifereji. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna, ila yule akianza sentensi anaimaliza.

Nimelala upande wa ukutani.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie bafuni.

Fundi mkuu wa maji alituma ujumbe jana: bomba kubwa litafungwa Jumamosi, 8:00 hadi 12:00, litengenezwe. Nikaunakili ulivyo. Nikaongeza tu methali mbili kunogesha. Pacha akasoma kwa ufasaha: maji yatafungwa saa nane hadi saa kumi na mbili. Nami nikasikiliza nikaridhika. Saa nane mchana, nikawaza. Asubuhi yote mtu ana nafasi.

Leo asubuhi, saa mbili kamili, nimejipaka povu kichwani mpaka unyayoni. Bomba likakohoa. Likanyamaza. Nikajikaza kisabuni, nikasubiri. Hakuna kitu. Nikachungulia dirishani. Jirani wa kulia naye kachungulia, kichwa cheupe kama pamba. Jirani wa kushoto vilevile. Tukatazamana. Wakanitambua.

Kumbe fundi anaandika saa za Kizungu. Ile nane yake ni mbili yetu. Pacha hajui, kasoma tarakimu alizopewa. Na aliyempa ni nani, hilo ni suala la kiufundi.

Mama wa nyumba ya tatu, anayefua nguo za watu kwa riziki yake, alikuwa na mabeseni matano yamelowekwa. Alikaa tu kizingitini, mikono imejaa povu, anasubiri mpaka adhuhuri. Heri angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi

Mkurugenzi kaniita. Nikamweleza kwamba tatizo nimelijua na dawa ninayo. Tangu leo hakuna saa itakayopita mkononi mwangu bila kugeuzwa. Nane ni mbili, tisa ni tatu, kumi ni nne. Akaniuliza kama si bora niwapigie simu wenye matangazo na kuwauliza. Nikamwambia hiyo ni njia ya zamani. Akasema haya.

Bwana Tai siku hizi ana furaha isiyo ya kawaida. Kila mkazi anayekuja na lalamiko anamwambia nenda pale, kamuulize mwenye sura.

Mchana dada yangu, muuguzi wa zahanati, kaleta tangazo lake: chanjo ya watoto, Jumatano, kuanzia saa 2 asubuhi. Nikaligeuza palepale. Mbili ikawa nane. Neno “asubuhi” likawa halikai vizuri na nane, nikalifuta. Nimeondoka kazini kifua mbele.

Jumatano, 13 Machi

Siku mbaya.

Saa nane na nusu nimeitwa zahanati. Nimekuta kina mama wamejaa barazani, watoto mgongoni, watoto mapajani, na mlango umefungwa. Dada yangu alisubiri tangu asubuhi bila kumwona mtu. Mchana barafu ilipoanza kuyeyuka akaondoka na sanduku la chanjo kulirudisha hospitali kuu. Yeye huandika saa za Kiswahili. Tangu tuko wadogo anaandika saa za Kiswahili. Tumesoma shule moja.

Mama mmoja akasimama aliponiona. Kambeba mtoto mchanga, kashuka kutoka kule juu kwenye machimbo ya kokoto, kwa miguu. Hakupaza sauti.

“Wewe ndiye uliyeniambia nije sasa hivi,” akasema. “Nilikuamini.”

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba si mimi, ni Pacha, na Pacha ni kompyuta, na kompyuta haijui mchana wala asubuhi. Badala yake nikatoa simu. Koti la shemeji likanibana.

Nikampigia dada. Alikuwa ndiyo kwanza anafika hospitali kuu. Akatia barafu mpya, akageuza gari. Tukamsubiri. Nilishika watoto wa watu mmoja baada ya mwingine, nikachota maji, nikatandika mkeka. Mmoja kanikojolea koti. Dada alipofika alichanja mpaka jua likatua, hakubaki hata mtoto mmoja.

Akiwa anafunga sanduku nikamsaidia kukaza kamba. Nilitegemea matusi. Nayastahili machache.

“Kaka,” akasema, “namba yangu unayo. Si ungeniuliza tu?”

Swali limenifuata mpaka nyumbani.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao. Mkurugenzi kasema Pacha apumzike mpaka apatikane mtu wa kuhakiki kila tangazo na mwenyewe aliyelileta, kwa sauti, kabla halijatoka. Wazo zuri, nikasema, na nikauliza nani atakuwa huyo. Akasema si wewe.

Mpaka hapo wakazi watahudumiwa getini. Meza, kiti, mwavuli, simu ya kuulizia idara. Na nani akae pale? Bwana Tai akanyoosha kidole kwangu kabla Mkurugenzi hajamaliza. Kasema wakazi tayari wameizoea sura. Akacheka hadi tai ikapinda.

Mkurugenzi akakubali. Nimeshindwa kujua kama nimeshushwa cheo au nimepandishwa. Mke wangu naye kasema ngoja afikirie.

Ijumaa, 15 Machi

Getini. Jua kali, mwavuli una tundu.

Lakini siku imekwenda vizuri ajabu. Kikongwe mmoja alikuja na fimbo yake, anataka kujua ataanza lini kuletewa maji ya gari, kisima chao kimekauka. Nikampa shikamoo. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, tukamalizana hilo. Sikujua jibu la maji, nikampigia fundi mkuu. Nikamuuliza ni asubuhi au mchana. Nikamweleza kikongwe mara mbili, maana sikio lake la kushoto limechoka, naye akanirudishia kwa maneno yake mpaka tukahakikisha ni kitu kilekile. Akanishika mkono. Akasema leo ameelewa.

Baada yake wakaja wengine. Yule mama wa machimbo alipita na mwanawe, akanisalimia, akauliza chanjo ya pili lini. Nikampigia dada. Nikampa jibu. Hata kinyozi kaja, kakaa kidogo.

Jioni, wakati nakunja mwavuli, nimepata fikra iliyonisimamisha pale pale. Wakazi wanachohitaji nimekiona kwa macho yangu. Wanahitaji mtu anayewajua, anayeamkia wakubwa, anayesikiliza, asipojua anauliza, na anayerudia taratibu mpaka waelewe. Mtu kama huyo anatakiwa kila mtaa, na mitaa yetu ni kumi na miwili. Lakini mimi niko mmoja, na meza ni moja.

Nimempigia yule mtaalamu wa video. Nimemuuliza pacha kumi na wawili watachukua muda gani, na kama shati jeupe litafaa.