Marehemu wa Duka la Fenicha

Jumatatu, 4 Machi

Wamenifungia ukumbi! Mimi, niliyekianzisha kikundi cha maigizo, niliyefagia lile jukwaa kwa mikono yangu! Profesa, ambaye uprofesa wake ni miwani tu, ndiye mwenye ufunguo sasa. Anasema eti nagombana na kila mtu. Nilimwambia huo ni uongo mtupu, nikagombana naye mpaka jioni.

Haidhuru. Jumamosi Afisa Utamaduni anakuja kutazama michezo yetu miwili, na atakayemfurahisha ndiye atakayepewa ukumbi mwaka mzima. Profesa ataonyesha wake ukumbini. Wangu utatangulia, tena ndani ya duka la fenicha la shemeji, kaka yake mke wangu. Mzee anakufa kitandani, warithi wanagombea kabati, mjane analia, mzee anafufuka na kuwatimua wote. Watazamaji watakaa kwenye makochi pamoja na wafiwa. Jukwaa la nini wakati makochi yapo?

Shemeji amekubali shingo upande. Mke wangu ameweka sharti: mchezo huu ukianguka, Jumatatu ijayo naanza kazi ya kuuza hapo hapo dukani. Amesema amechoka kuwaambia watu kwamba mumewe yuko mazoezini. Nimekubali haraka, maana hautaanguka.

Jumanne, 5 Machi

Aibu tupu. Kinyozi, ambaye ndiye marehemu wangu, alikuwa anakata roho vizuri kabisa. Akaingia mama mmoja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akabonyeza godoro karibu na mbavu zake, akauliza kama linauzwa pamoja na kitanda. Kinyozi akafumbua macho, akamwelekeza kwa mwenye duka. Maiti gani huyu! Nimempa sheria: akishafumba macho, amekufa. Aitwe, atikiswe, atekenywe, asiamke mpaka asikie mjane akilia. Akiamka kabla, namfukuza.

Mjane ni fundi cherehani wa jirani. Analia vizuri, ila anakagua mishono ya makochi huku akilia.

Kisha shemeji akauza kochi la warithi, warithi wakiwa wamelikalia! Wachukuzi wake wakalibeba mpaka kwenye gari la mteja. Nikamwambia mkubwa wao, wanayemwita Tembo, kwamba Jumamosi sitaki kusikia hata kikohozi chao. Akasema Jumamosi ndiyo siku ya kuwapelekea mizigo wateja wasio na gari. Nikamwambia ratiba za wachukuzi hazinihusu.

Jumatano, 6 Machi

Kabati nalo limeuzwa. Kabati la urithi! Warithi wangu leo wamegombea stuli.

Nilimwomba shemeji asiuze chochote mpaka Jumamosi. Akaniuliza kama watoto wake watakula maombolezo. Mtu hana hata chembe ya sanaa mwilini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata dawa! Shemeji kasafiri kufuata mbao, anarudi kesho. Hapa dukani kitu kikinunuliwa hubandikwa kikaratasi chekundu kilichoandikwa IMEUZWA, na chini yake jina la mnunuzi na mahali alipo. Mteja akikiona hagusi. Basi nimevibandika kila mahali: kitanda, makochi, meza, kabati jipya, hadi taa. Wateja wameingia, wamesoma, wametoka. Mazoezi yamekwenda kama maji. Kinyozi amekufa kama mfalme.

Jina la mnunuzi? Profesa! Mahali? Ukumbini! Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Fundi ameniuliza kama nina hakika na ninachofanya. Nimemwambia hana ucheshi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa hasira.

Nilimlaza kinyozi kitandani mapema, nikamfunika shuka, nikamwambia ameshakufa. Fundi akaenda na warithi kutafuta kitambaa cheusi cha mjane. Mimi nikaenda barabara kuu, nikamngoja Afisa Utamaduni karibu saa nzima. Akaja, tena na watu wengi, na mke wangu kati yao, kavaa gauni lake la kwendea harusini. Nikafungua mlango kwa madaha.

Duka tupu! Sakafu, vumbi, na alama za miguu ya kitanda. Hata marehemu hakuwepo.

Afisa akauliza watakaa wapi. Nikasema huu ni mchezo wa ukiwa, mtazamaji husimama na majonzi yake. Akasimama kidogo. Akatazama saa, akasema ana mchezo mwingine wa kuuona, akaondoka na watu wote. Akabaki mke wangu. Aliokota kikaratasi chekundu kilichobanduka, akakisoma polepole.

"Baba watoto," akasema, "huu si mwandiko wako?"

Alikuwa amejipaka hadi wanja kwa ajili yangu. Niliona aibu, nilitamani sakafu inimeze. Kisha nikamkumbuka Tembo, hasira ikarudi.

Jumapili, 10 Machi

Usaliti! Kinyozi amekuja kujitetea. Anasema Tembo alimwita, akamtikisa, akamtekenya nyayo, naye hakufumbua jicho. Tembo akasema kitanda kimeshauzwa, aliyelala juu yake atajuana na mnunuzi. Wakampakia.

Profesa alikuwa na jukwaa lenye mkeka na kiti kimoja. Akapokea vitu vyote bila kuuliza swali! Mchezo ukaanza, mama mmoja katika mchezo wao akaangua kilio, na kinyozi, kwa utiifu wake, akafufuka na kuwatimua wote jukwaani. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Afisa Utamaduni alipiga kuliko wote, akiwa ameketi kwenye kochi langu. Profesa amepewa ukumbi. Kilichosifiwa zaidi ni wazo la kumlaza maiti jukwaani kabla watu hawajaingia. Wazo la nani? Langu!

Nilimwuliza kinyozi kwa nini hakuamka tu garini. Akasema, "Si ungenifukuza?"

Shemeji amekwenda kuvirudisha vitu vyake. Hataki kuniona kabla ya kesho asubuhi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeanza kazi. Mke wangu amenifungia chakula, na nilimsikia akiimba jikoni. Bora angenigombeza.

Shemeji amenipa kazi ya kubandika vikaratasi vyekundu. Ameniambia, mbele ya Tembo, nisiandike jina lolote asilonitajia yeye. Kunidhalilisha namna ile!

Lakini nimekaa nikafikiri. Mpango wangu haukuwa na kosa lolote. Tatizo lilikuwa jina la mnunuzi. Kitanda chenye kikaratasi chekundu kinaingia nyumba yoyote mjini, na kikishaingia, wenye nyumba ni watazamaji wapende wasipende. Ukumbi wa nini? Kuna kitanda kimoja pale pembeni hakijapata mnunuzi. Nimekiandikia nyumbani kwa Afisa Utamaduni.

Fundi amekataa katakata. Kinyozi amekubali kufa tena Jumamosi, ila ameuliza nani atamlilia ili afufuke. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mke wa Afisa akimkuta chumbani kwake atalia mwenyewe.