Mlango wa Kulia

Jumatatu, 5 Machi 1956
Ijulikane kwamba leo, saa mbili asubuhi, hapa Mwanjelwa, gari langu la mizigo limefungwa honi mpya. Nimeipiga mara kumi na moja. Bushiri, mshindani wangu wa mizigo ya Iringa, hakugeuka hata mara moja. Wivu.

Saa nne, balaa. Nimeegesha kando ya barabara, nimeingia kunywa chai, mke wangu Tusajigwe kabaki garini. Kishindo! Natoka na kikombe: mlango wangu wa kulia uko mtaroni. Lori la Bushiri limesimama mbele. Tusajigwe haonekani. Baba yangu, mzee Andendekisye, yuko kando na mkungu wa ndizi za wajukuu, ameipa barabara mgongo. Nimeduwaa. Chai yote imeishia kwenye suruali.

Jumanne, 6 Machi
Tusajigwe kaeleza. Alimwona baba anakuja upande wa kushoto. Kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe, hukimbia hata kivuli chake. Mlango wa kushoto nimeufunga kwa waya tangu mwaka juzi. Basi katokea wa kulia, kama risasi.

Sajini Kalinga wa polisi anatuita sisi na Bushiri Alhamisi. Kama mlango ulifunguliwa ghafla, kosa ni langu, na leseni inakwenda miezi mitatu. Kama ulikuwa wazi tangu zamani, kosa ni la Bushiri, maana ana macho. Basi ulikuwa wazi tangu asubuhi. Kupunga hewa. Miezi mitatu! Bushiri apeleke viazi Iringa peke yake?

Jumatano, 7 Machi
Mpango tayari. Tusajigwe atashuhudia saa tatu. Baba, mzee wa kanisa, atakuja saa tano, aseme tu jinsi ninavyopenda hewa. Hawatakutana. Sajini ni Mhehe wa Kihesa, mambo ya wakwe zetu atayajulia wapi?

Alhamisi, 8 Machi
Siamini hadi sasa. Sajini kachelewa saa mbili nzima, alikuwa anatafuta miwani. Tusajigwe ndiyo kwanza anasema mlango ulikuwa wazi tangu jogoo la kwanza, mara kikohozi cha baba barazani. Mungu wangu! Mlango wa nyuma wa ofisi ukabamizwa, askari aliyekuwa nyuma yake akaenda chini na mafaili, na Tusajigwe tayari yuko kwenye mahindi.

Sajini akauliza mama huyu kaumwa na nini.

Bushiri akajikuna kidevu. Ukoo wake ni wa pwani, lakini kazaliwa hapa hapa. "Afande, kamkimbia mkwewe. Na juzi alitoka vivyo hivyo."

Baba akavua kofia. Akasema juzi aligeuka upesi kama inavyopasa, hakuona kitu, alisikia tu.

"Ulisikia nini kwanza, mzee, mlango au lori?" Sajini akamwuliza.

"Mlango, mwanangu. Lori halikukawia."

Leseni yangu imebaki mezani kwa Sajini.

Ijumaa, 9 Machi
Nimeliona kosa: baba ningempangia saa sita. Nimeandika rufaa kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Mashahidi wale wale.

Bushiri kapita na viazi vya kupeleka Iringa, kaniuliza kwa upole kama honi naiuza. Nimemjibu kwa kuipiga.

Tena nimeurudisha mlango wa kulia na kuukaza kwa waya, kutokea ndani, imara kama wa kushoto. Hautafunguka ghafla tena.

Naandika haya nikiwa garini. Koleo la waya liko nje.