Tarishi Asiyekumbuka Alikopita

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu. Si mama, si mto wangu ninaolalia. Mimi ndiye niliyefuta kazi za darasa zima.

Haya. Nimeandika. Herufi zinayumba kama walevi.

Wiki sita zilizopita. Chumba cha kompyuta, saa ya mapumziko. Nilitaka kusafisha folda yangu tu, imejaa takataka zangu za majaribio. Nikaandika amri ya kufuta. Nikabonyeza. Kilichofutika si takataka zangu. Ni kazi za wanafunzi thelathini na nane. Mpaka leo sielewi ilikuwaje.

Akaadhibiwa Spika. Spika ni mvulana wa dawati la nyuma, sauti yake husikika hadi jikoni kwa wapishi. Siku moja kabla alikuwa ametangaza kwa utani kwamba tukimsumbua atafuta kazi zetu zote. Mdomo ulimponza. Mwalimu wa kompyuta alimpiga marufuku kuingia chumbani. Kila kipindi yuko nje, anafuta vioo vya madirisha kwa kitambaa. Nikiinua macho, yuko pale. Anafuta. Ananitazama. Au anatazama kioo. Sijui!

Na mashindano ya kompyuta ni Jumanne ijayo. Spika ndiye hodari wetu kuliko wote. Asiposafishwa jina kabla ya hapo, haendi.

Leo mwalimu katangaza: Ijumaa anakuja fundi wa mitambo. Kompyuta huweka orodha ya kila amri ambayo kila mwanafunzi amewahi kuandika. Fundi atazisoma zote, moja moja.

Nimeshindwa kula. Mama, ambaye ni fundi cherehani na huona kila mshono uliofumuka, aliniuliza nina nini. Nikasema hesabu. Akasema siri ni kama sindano iliyopotea kwenye godoro, utaipata ukishalala. Mama anajua? Hapana. Hajui. Anajua?

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kufuta orodha yangu. Rahisi! Nilifika saa moja asubuhi, kabla ya mfagizi.

Nimeweka kidole tayari, mwalimu akaingia. Nikamwamkia kwa sauti ya panya. Akafurahi kuniona nawahi masomo. Kisha, akipanga nyaya zake, akasema kama anayejisemea kwamba mwenye hatia bila shaka atafuta orodha yake, kwa hiyo orodha tupu ndiyo itakayomkamatisha.

Nikaondoa kidole. Nikajifanya natafuta kamusi.

Kipindi kilipoanza, kupitia dirisha Spika aliniuliza kwa ishara nimemeza nini. Huniita Maktaba. Sijui kama ni sifa.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya pili. Ni ya kitaalamu!

Nimesoma kile kitabu kinene cha mifumo, mara ya tatu sasa. Ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini cha mfumo. Ni kama tarishi. Ukimpa anwani ya faili, huanzia lango kuu, huenda folda moja baada ya nyingine, na kila mlango huuliza mambo mawili: je, jina hili lipo? Je, naruhusiwa kuingia? Akikuta njia ya mkato, yaani jina linalosema nenda kule, huenda kule bila kinyongo. Lakini ana kikomo. Akizungushwa kwenye njia za mkato zaidi ya arobaini, hukata tamaa na kurudi mikono mitupu.

Arobaini! Hata mimi ningekata tamaa mapema zaidi.

Kwa hiyo. Orodha yangu halisi nimeihamishia ndani ya folda iliyo ndani ya folda, ghorofa thelathini kwenda chini. Mahali pake nimeweka njia ya mkato inayoelekeza kwa nyingine, inayoelekeza kwa nyingine, inayorudi kwa ile ya kwanza. Tarishi atazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Nimejaribu. Kompyuta imekataa kabisa kufungua. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaogopa kicheko changu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Mwalimu kaamua kujaribu mwenyewe kwanza kabla fundi hajaja. Anafungua orodha za wanafunzi mbele ya darasa, kwenye ukuta, kwa ile mashine ya kumulika. Akafika kwangu. Ukuta mzima ukaandika kwamba njia za mkato zimezidi.

Moyo wangu ulisikika kama ngoma ya arusi ya mtu mwingine.

Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema maskini, mtoto mpole kama huyu, mashine yake imeingiwa na ugonjwa! Akanihurumia mbele ya wote. Akanikabidhi kazi ya kuandika ripoti ya ugonjwa huo ili fundi aanze na mimi.

Aanze na mimi!

Spika kutoka nje akapaza sauti kwamba hata kompyuta imechoka kusomeshwa na Maktaba. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia aongeze maji kwenye ndoo.

Mama kanipikia kitu nikipendacho. Nimekiangalia.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi ni mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alivua viatu akakaa. Hakujaribu kuifungua orodha yangu kwa njia ya kawaida. Aliiambia mashine iorodheshe kila faili iliyopo, bila kufuata njia ya mkato yoyote. Dakika mbili! Akaifikia ghorofa ya thelathini. Akasema kwa upole, kama anazungumza na chai yake, kwamba ukizungusha barabara nyumba haihami.

Akaisoma orodha yangu. Nikamwona amefika kwenye mstari wenyewe. Akasita. Akanitazama juu ya miwani. Nilitamani sakafu inimeze.

Akasoma na za wengine wote. Hakunitaja. Alisimama akalieleza darasa. Alisema hakuna mhalifu hapa, kuna mtu aliyekosea, na kosa lenyewe hata watu wazima hulifanya. Mtu huyo alikuwa na njia ya mkato kwenye folda yake, inayoelekea ndani ya folda ya darasa. Akaipitia. Skrini ikamwonyesha bado yuko kwake. Akaandika nukta mbili, maana yake folda iliyo juu ya hii, na kuamuru vyote vya huko vifutwe. Alidhani juu ni kwake. Lakini tarishi hakumbuki ulikopita. Anajua aliposimama tu. Na alikuwa amesimama ndani ya nyumba ya darasa. Kwa hiyo juu ilikuwa darasa zima.

Kumbe! Wiki sita nimekuwa nikijiona mchawi.

Akatueleza jambo hilo mara tatu, hadi wa dawati la nyuma wakasema wameelewa. Mimi niliitikia kwa kichwa kuliko wote. Kisha akasema kwamba mwenye kosa aende kwa mwalimu mwenyewe kabla ya Jumatatu kwisha. Yeye hatamsemea mtu.

Akinipita mlangoni aliniambia kwa kunong'ona: mwanangu, usimwache mwenzio na ndoo.

Jumapili, 9 Machi

Kusema siwezi. Mbele ya mwalimu ulimi wangu huwa mbao. Nitaandika barua.

Nimeandika rasimu saba. Ya kwanza ilianza na historia ya kompyuta. Ya saba ina mistari minne.

Mama alipita akakuta karatasi chini. Hakuziokota. Akasema akimaliza kushona ataniletea maji. Akaleta. Akakaa kidogo. Akaondoka. Mama anajua.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifika wa kwanza. Nikaipiga chapa barua kwenye kompyuta, nikiwa ndani ya ile njia yangu ya mkato ya kwenda folda ya darasa, maana ndiko nilikozoea. Mpango: niisogeze kwenye folda ya juu, yaani kwangu, niisome tena mara kumi, halafu mchana nimpe mwalimu kwa siri. Nikaandika nukta mbili. Nikabonyeza.

Saa mbili mwalimu akamulika folda ya darasa ukutani, kama kila Jumatatu. Faili ya kwanza: BARUA YA KUUNGAMA. Kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeziweka kwa heshima.

Akaisoma yote kwa sauti. Mistari minne haijawahi kuwa mirefu hivyo.

Sikuona kitu. Nilisikia ndoo ikitua chini. Spika akaingia, mikono inachuruzika, akauliza kama ni kweli amefuta vioo wiki sita kwa niaba ya Maktaba. Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha sauti, jambo lisilowahi kutokea. Kisha akasema basi kesho nimbebee mkoba mashindanoni, na nisithubutu kugusa kompyuta yake.

Mwalimu alimwomba radhi mbele ya wote. Kisha akanisifu mimi! Akasema wengine wangenong'ona ofisini, lakini huyu kaiweka barua yake hadharani, wasome wote. Ujasiri ulioje! Darasa likapiga makofi. Niliinama.

Mapumziko wakatoka wote. Barua ilikuwa bado pale, kwenye folda ya darasa, kando ya kazi zote tulizoandika upya kwa wiki sita. Sikutaka kidato cha pili waione. Nikakaa niifute. Nikapitia njia yangu ya mkato. Skrini ikasema niko kwangu. Nikawaza, nisafishe na takataka zangu hapo hapo. Nikaandika: futa vyote vya folda ya juu. Nukta mbili. Nikabonyeza.

Folda ya darasa ikabaki tupu. Spika alikuwa amesahau kitambaa chake kwenye kizingiti cha dirisha. Nikazima skrini. Nikatoka nje, nikakichovya kwenye ndoo, nikakikamua, nikaanza na kioo cha kwanza.