Anguko na Kusimama kwa Nguzo ya Saba

Zimeni pasi, ondoeni miguu kwenye pedali za cherehani, na mwenye pini mdomoni aiteme, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa mdomo uliojaa vyuma. Nawasimulia vita vya Jumamosi moja, vilivyoanza saa tatu asubuhi na kwisha saa sita mchana, ambamo himaya ilitikisika, ndugu akamtoroka ndugu, na mwanamke mmoja akatenda jambo ambalo mafundi cherehani, tangu uzi uanze kusokotwa, hawajapata kulitenda mbele za watu. Damu haikumwagika ila tone moja, na hilo lilikuwa la mtoto wa miezi tisa aliyekuja kuchanjwa.

Nawe kiduara unayezunguka katikati ya kioo cha simu, wewe uliyewatoa jasho wafalme na wauza mkaa bila kubagua, nihurumie, tulia, nimalize.

Alikuwapo, basi, Bi Mkasi, jemadari wa sindano nane, mwenye jicho la kupima kiuno cha mtu akiwa ng'ambo ya barabara na koti mwilini. Ngome yake ilikuwa chumba cha juu ya duka la misumari na saruji, chenye cherehani sita, meza moja ya kukatia na dirisha lisilofungika. Mimi nilikuwa natia vifungo, kwa hiyo niliyaona yote; kazi ya vifungo haichoshi macho.

Lakini ngome hiyo ilikuwa na pacha wake angani. Bi Mkasi alikuwa amefungua ukumbi katika jukwaa la maongezi la mtandaoni, na humo wazazi mia mbili na thelathini waliingia kuagiza sare za watoto, kutuma vipimo, na kulalamika. Jukwaa hilo lina sheria yake. Ukumbi mtupu hupewa vitu vya kawaida. Ila wakijitokeza watu wa kuulipia ukumbi nguzo, kila mmoja nguzo yake kwa mwezi, na nguzo zikafika saba, basi ukumbi hupandishwa daraja: hupata bendera juu, vibandiko, yaani vipicha vya kutumiana, vya sura za watu wake wenyewe, na tunu kuu kuliko zote, mlango wenye jina la kuchagua, ndiyo anwani ya kuingilia. Nguzo hujihuisha yenyewe kila mwezi maadamu kadi iliyoilipia ingali hai. Ikianguka moja, jukwaa hutoa siku tatu za rehema. Zikipita, daraja linashuka, vibandiko vinafungwa, na jina la mlango linaachwa barabarani kama sufuria lisilo na mwenyewe. Wa kwanza kuliokota ndiye wake.

Jina la mlango wetu lilikuwa sareimara.

Sasa sikilizeni kosa, na mseme kama kuna mtu mwingine duniani angelifanya isipokuwa fundi. Watu wote huandika anwani ya ukumbi wao kwenye karatasi. Bi Mkasi aliidharau karatasi. "Karatasi mzazi anaitupa," alisema. "Kola haitupi." Akaidarizi. Akaidarizi kwa uzi wa buluu, ndani ya kola, kwenye mashati mia nne na kumi na mawili: kwa marekebisho ingia sareimara. Alichukua kitu cha kukodi mwezi kwa mwezi akakishona kwa mshono wa kudumu miaka. Na mashati hayo yalikuwa yamekwisha gawiwa tangu Alhamisi, maana shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, Bi Mkasi akiwa anatafuta kipimo cha bega, kidole chake kiligusa taarifa ya jukwaa ambayo ilikuwa imekaa siku tatu bila kusomwa, kwa sababu taarifa za jukwaa huwa hatuzisomi. Zinakuja nyingi na zote zinaanza kwa furaha. Akaisoma mara moja. Akaketi. Akaisoma tena akiwa ameketi.

"Nguzo ni sita," alisema. "Tuna hadi saa sita."

"Saa sita ya lini?" nikauliza.

"Ya leo, mama! Ya leo!"

Zikasimama cherehani zote sita. Hata feni, naapa, ilisita.

Msaliti akajulikana upesi, kwa kuwa jukwaa halina haya, linaandika kila kitu. Nguzo ya saba ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi friji, mwenye mikono ya baridi na moyo mwepesi. Jumatano, saa sita mchana, alikuwa ameing'oa kwetu na kuihamishia ukumbi wa mashabiki wa mpira. Bi Mkasi akampigia, akaiweka simu juu ya meza ya kukatia ili sote tusikie, akasimama kama anayehutubia majeshi.

"Ewe shemeji, uliyekula kwangu na kulala kwangu, uliyeshonewa suruali tatu bila kutoa senti! Ni jambo gani tulilokutendea hata ukaing'oa nguzo ya nyumba ya kaka yako ukawapa watu wanaokimbiza ngozi yenye upepo?"

"Kibandiko, shemeji," simu ikajibu.

"Kibandiko gani?"

"Unakijua. Mimi nimelala juu ya robota la vitambaa, mdomo wazi. Kimetumwa mara elfu moja na mia moja. Mzazi akichoka, ananituma mimi. Mvua ikinyesha, mimi. Juzijuzi bosi wangu kanitumia mimi mwenyewe nijione. Nimekaa kimya mwaka mzima, shemeji. Mtu ana mwisho."

Hapo mafundi wawili walijifunika uso kwa vitambaa. Sisemi walikuwa wanalia.

"Basi kitafutwa," akasema Bi Mkasi. "Rudisha nguzo."

"Haiwezekani."

"Nimesema kitafutwa!"

"Shemeji, nisikilize. Nguzo ukishaihamisha inakaa siku saba ndipo iguswe tena. Ndiyo sheria yao. Hata ukinipiga, haisogei kabla ya Jumatano."

Siku saba dhidi ya saa tatu zilizobaki. Majemadari wameanguka kwa hesabu rahisi kuliko hiyo.

Wakaitwa wenye zile nguzo sita waongeze moja: wawili hawakujibu, watatu wakajibu kwamba Mungu atafungua njia, na wa sita akajibu kwa kibandiko cha shemeji amelala. Zikajaribiwa kadi za mafundi, moja baada ya moja, kila moja ikipelekwa mbele kama askari mwenye rungu kukabili mzinga, na jukwaa likazikataa zote, kwa sababu halipokei kila kadi, linachagua kama mama wa bwana harusi. Kadi ya Bi Mkasi ingepokelewa, ila ilikuwa imekufa mwezi uliopita, na mrithi wake alikuwa amelala benki, na benki imefungwa hadi Jumatatu.

Na humo ukumbini, kati ya wazazi, alikaa siku nyingi mgeni mwenye picha ya paka, ambaye hakuna aliyemjua mtoto wake. Saa nne na nusu paka huyo akaandika, kwa adabu nyingi: "Samahani, jina la mlango likiachwa wazi, anaruhusiwa mtu yeyote kulichukua?"

Tulimjua sasa. Alikuwa mtu wa karakana ya sare ya mtaa wa nyuma, mshindani wetu.

"Watoto mia nne na kumi na mawili," Bi Mkasi alisema polepole, "Jumatatu watavaa shingoni tangazo la adui yangu. Nimelidarizi mimi. Kwa uzi wangu."

Nikaona sasa inatosha. Kuna wakati wa kuhutubia na kuna wakati wa kufikiri. "Wifi yako ana kadi," nikasema.

Mkasi mkubwa ulianguka wenyewe kutoka mezani.

Wifi yake, dada wa mumewe, ni nesi katika zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Hawakuwa wamesemezana miezi saba. Chanzo ni gauni alilovaa wifi kwenye harusi ya binamu yao: zipu ilifumuka wakati wa kupiga picha, na wifi akaingia ukumbini kuwaeleza wazazi wote mia mbili na thelathini jinsi ilivyofumuka, kwa urefu, na picha mbili. Bi Mkasi alisema ni mwili ulioongezeka. Kisha akamfukuza ukumbini na kuutia mlango komeo.

"Afadhali nifumue mashati yote kwa meno," akasema.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," nikamjibu. "Vaa viatu. Ni saa tano."

Akashuka ngazi. Nikamfuata nikibeba chaja, silaha ya watu wazima. Tukapita kati ya mabati na mapipa ya rangi ya duka la chini, tukavuka barabara baina ya pikipiki mbili zilizotutukana, tukaingia zahanati, na hapo tukakuta kizuizi kilichokuwa hakijatajwa na mpelelezi yeyote: foleni ya chanjo. Kina mama ishirini na mmoja, watoto ishirini na wawili. Bi Mkasi, ambaye wakuu wa shule humngojea mlangoni kwake, akakaa mwisho wa benchi, na mtoto wa mama aliyeketi kando yake akamtapikia bega. Alijifuta kwa leso akasogea mbele nafasi moja.

Saa tano na dakika thelathini na tano tukafika mezani. Nesi hakuinua macho. "Kadi ya kliniki. Mtoto yuko wapi?"

"Wifi," akasema Bi Mkasi.

Nesi akainua macho. Akaliangalia bega lililotapikiwa. Akaweka sindano chini taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi na hataki kuifungua haraka.

"Ala! Wifi yangu! Umekuja kuchanjwa?"

"Nimekuja kuomba."

"Sijasikia, watoto wanalia. Umesemaje?"

"Nimekuja kuomba!" Na chumba kizima kikasikia, na watoto wawili wakanyamaza kwa mshangao. Bi Mkasi akaeleza yote kwa mkupuo mmoja, nguzo, kola, paka, saa sita.

Nesi alisikiliza huku akichoma mtoto wa mtu, pale ndipo lilipotoka lile tone. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," akasema. "Miezi saba, hata salamu. Nyumba inaungua, ndiyo unakumbuka nina ndoo. Nguzo nitatoa. Ila kwanza unirudishe ukumbini, na uandike mbele ya wote zipu ile ilikuwaje. Si mwili wangu. Zipu."

"Nikikuandikia wewe peke yako?"

"Ulinifukuza mbele ya watu mia mbili na thelathini."

Mara ngapi, enyi wasikilizaji, mmesoma habari za mashujaa waliokabili simba? Simba ni mnyama. Ukimkimbia hakuna anayeandika. Lakini fundi cherehani akiri kosa la mshono? Fundi husema kitambaa kilikuwa kibovu. Husema umeme ulikatika, husema mteja alinenepa, husema njoo Ijumaa. Lugha yetu haina hata neno la fundi kukubali. Nilimwona Bi Mkasi akiishika simu kwa mikono miwili, jasho likimshuka, saa ya ukutani ikionyesha saa sita kasoro dakika kumi na nne. Akafungua komeo la mlango, nesi akaingia ukumbini. Kisha akaandika, herufi moja moja, na nilisoma begani kwake:

"Wazazi wapendwa. Zipu ya gauni la wifi yangu niliishona fupi. Zipu ndefu ziliniishia, nikajisemea haitaonekana. Ilionekana. Mwili wake haukuongezeka. Kosa ni langu. Fundi wenu."

Akatuma. Tukangoja radi. Badala yake vikaanza kumiminika vibandiko vya shemeji amelala, kimoja, kumi, hamsini, hata kioo kikajaa midomo wazi, na katikati yao mzazi mmoja akaandika: "Na ile suruali ya mume wangu?" Paka hakuandika kitu. Paka alikuwa anaangalia saa.

Nesi akasoma ujumbe mara mbili, midomo ikicheza. "Haya," akasema, kwa sauti iliyopungua ukali. "Lete hapa." Akavua glavu, akaingiza namba za kadi. Jukwaa likauliza: kwa mwezi mmoja, au ijihuishe kila mwezi? Kidole kikasimama hewani. Saa sita kasoro dakika sita. Mtoto akapiga yowe.

"Kila mwezi," akasema nesi. "Lakini nikikasirika naifuta, wifi, na nakasirika upesi."

"Najua," Bi Mkasi akamjibu. "Ndiyo maana nilikuogopa."

Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka, mataifa yakazaliwa na kuzeeka, na foleni iliyojipanga nyuma yetu, ya kina mama ambao hawakuelewa lolote kuhusu nguzo, ikasimama ikatazama, kwa kuwa mwanamke anayengoja simu ikubali kila mwanamke anamwelewa. Kisha nguzo ikasimama. Nguzo saba. Saa sita kasoro dakika nne.

Wakapiga vigelegele. Mmoja akauliza ni mkopo umetoka? Nikamwambia ni zaidi ya mkopo.

Na saa sita kamili na nukta kumi, yule mwenye picha ya paka akaondoka ukumbini bila kuaga, na tangu hapo hajaonekana. Hivyo ndivyo majeshi ya mtaa wa nyuma yalivyorudi kwao mikono mitupu, na siku hiyo katika chumba cha juu ya duka la misumari ikatangazwa kuwa ya kukumbukwa na mafundi wote, wa mkono na wa mashine, na wasiokuwa wamezaliwa.

Andikeni pia, ninyi mnaotunza kumbukumbu, ili wajukuu wajue himaya iliokolewa kwa ajili ya nini. Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, mzazi wa kwanza aliigeuza kola ya mwanawe, akasoma uzi wa buluu, akaupita mlango wa sareimara, akatuma picha ya shingo na kuandika: "Shati linambana shingoni. Mnarekebisha?"

Bi Mkasi akaikuza hiyo picha kwa vidole viwili, na akaandika kwa mara ya pili maishani mwake: "Kosa ni langu. Lilete."