Safu Niliyoifuta Ikampa Neema Chuo

Ndugu zangu wa barua pepe, leo nimeadhirika. Tena mbele za watu!

Mnaikumbuka tovuti ya chuo cha uuguzi niliyoitengeneza na kujisifia? (Ndiyo, hiyohiyo.) Leo yametoka majina ya waliochaguliwa. Asubuhi mkuu wa chuo akanipigia: "Fundi, alama za watu si za kuanikwa. Ziondoe, yabaki majina."

Kazi ndogo! Nikafuta safu ya alama, nikaenda kutamba kwenye intaneti kafe ya Chang'ombe.

Hapo nikamkuta mzee mmoja kutoka Kongwa na binti yake, Neema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu tutazamie, mwanangu."

Nikafungua ukurasa. Neema yumo! Binti akalia kwa furaha. Mzee akanikumbatia, akaagiza soda kwa kila aliyekuwemo. Nikavimba kichwa (utadhani nilimfundisha mimi).

Kijana wa kompyuta ya pili akaruka: "Na mimi nimo!" Jirani yake: "Hata mimi!" Dada mwenye kafe, aliyetuma maombi lakini mtihani hakwenda kuufanya, naye akajikuta muuguzi. "Kaka, mbona mmetuchukua wote?"

Soda ikanipalia.

Kanuni ya kuamua nani amepita nilikuwa nimeiandika ndani ya ileile safu ya kuonyesha alama. Kufuta safu, nimefuta na uamuzi! Niwaeleze polepole, yasiwakute: mtangazaji wa mpira hapaswi kuwa refa. Uamuzi uwe na chumba chake, umefungwa. Ukurasa ubishe hodi tu, uulize, "Huyu amepita?", upewe jibu, utangaze. Hapo hata ukiupamba au ukiubomoa, matokeo hayaguswi.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikairudisha kanuni, safari hii kwenye chumba chake. Jina la Neema likatoweka.

"Mzee, nisamehe, kosa ni langu," nikasema, chupa aliyoninunulia ikiwa mkononi.

Akaitazama simu yake. "Nimeshapiga simu nyumbani. Mama yake anachinja kuku."

Neema akanitazama. "Kaka, aliyenikataa ni kompyuta au ni wewe?"

"Alama hazikutosha, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekudanganya. Mwakani omba tena, nitakusaidia kujiandaa."

Akamshika baba yake mkono, wakatoka.

Anayetaka kucheka acheke kimyakimya. Bado nawaona hapo nje, wanabishana nani ampigie mama.