Kitanda cha Mgiriki

Haki ya macho yangu mawili, haya yalitokea, wala sikutia chumvi hata punje. Atakayebisha anakaribishwa, ila abishe akiwa amekaa.

Palikuwa na mjanja mmoja mrefu kama mlingoti, mji mzima ukimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha hata kasuku. Mtaji wake ulikuwa kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada, na humo aligundua machimbo ya dhahabu: maneno adimu yaliyotokana na majina ya Wagiriki wa kale. Akawa anawauzia wafanyabiashara wenye njaa ya sifa. Alimuuzia mwenye mabasi neno "Icarian", naye maskini akaliandika ubavuni mwa kila basi, asijue kwamba Icarus aliruka kwa mbawa za nta, jua likaziyeyusha, akaishia baharini. Sasa mwenye mabasi alikuwa ameanza kuulizauliza maana. Profesa alitaka mteja mmoja wa mwisho, kisha mguu niponye.

Macho yake yakatua kwa Mama Randa, fundi wa vitanda, aliyekuwa akitafutia jina karakana yake mpya.

"Mama, wewe nimekuwekea 'Procrustean'. Procrustes alikuwa Mgiriki aliyevuma kwa kitanda chake."

"Kilikuwa kizuri?"

"Mrefu, mfupi, kila mgeni kilimtosha sawasawa!"

"Na wageni walisemaje?"

"Hakuna aliyerudi kulalamika."

Mama Randa akatoa nusu ya bei. Nusu nyingine aifuate Jumamosi. Ijumaa akaja mwalimu mstaafu kuchukua kabati lake, Mama Randa akamuuliza habari za huyo Mgiriki. Mwalimu alicheka hadi akakalia maranda, kisha akamsimulia yote.

Jumamosi Profesa alikuta kitanda kipya katikati ya karakana, na mashemeji wawili wa Mama Randa wenye mikono kama mihimili.

"Hebu kijaribu, Profesa."

Akalala. Nyayo zikachungulia nje.

"Shemeji, huyu kazidi. Lete msumeno."

"Mama! Msumeno wa nini?"

"Mgeni mfupi, Mgiriki wako alimvuta mpaka akafika. Mrefu alimkata miguu. Neno nimelilipia, nami sinunui kitu kikae bure."

Shemeji mmoja akamkandamiza mabega. Mwingine akamlazia meno ya msumeno kifundoni, baridi kama salamu ya mkwe asiyekutaka.

"Nitakurudishia hela yako!"

"Kaa nayo, baba, mimi si mwizi. Lakini ukikinunua kitanda hiki, nitakirefusha chenyewe. Kila sentimita ina bei yake."

"Bei gani?"

"Kwani humo soksini una ngapi?"

Zikatoka zote, za mabasi na zake mwenyewe Mama Randa. Profesa akahama mji mchana kweupe, kitanda kirefu kichwani, hana hata nauli.

Hapo ndipo mke wangu, anayesoma kila ninachoandika kabla wino haujakauka, alipoweka kidole kwenye ule mstari wa msumeno.

"Baridi yake uliijuaje, mzee?"

"Nilihadithiwa."

Akaitazama miguu yangu. Akakitazama kitanda chetu.

"Miaka thelathini unaniambia hiki ni urithi wa babu yako! Inuka. Vile viatu ulivyosema ni ghali, leo vimeshuka bei."

Havikushuka. Niko dukani, nimeshalipa jozi ya kwanza, na yeye bado anachagua.